Bwana Msa kakatwa kurasa za mwisho, na Bi Salme naye naona kakata zake mwenyewe

nahodha_wa_kusi (Lamu)

Assalaam aleikum wasomaji wenzangu, habari za masiku. Mimi mtu wa boti hapa Lamu, kazi yangu kuvusha watu Mokowe na kurudi, na kusi mwaka huu imekaza hasa, abiria wachache, mtu unakaa gatini masaa mawili matatu unangoja boti ijae, bas nikasema badala ya kumaliza bando kwa video za vichekesho hebu nisome. Nimesoma vitabu viwili na vyote viwili vimeniacha njiani, ndo nimekuja kuuliza.

Cha kwanza ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kile cha Bwana Msa. Nilikikuta kwenye kasha la marehemu mjomba, karatasi zishakua rangi ya chai, ukikifungua kinanuka vile vidonge vyeupe vya kuzuia mende. Kimetoka 1960, nikajiambia hiki ntakinywa kama dawa tu. Hee! Siku mbili. Mtu kauliwa kwenye mzimu, pale pa kutambikia, kila mtu anaogopa, wengine washasema ni wakale wamekasirika, halafu anakuja huyu Bwana Msa na kiko chake mdomoni, hana haraka na mtu, anauliza vimaswali vidogo vidogo vya kipuuzi, nani alikua wapi, nani alipita saa ngapi, na wewe unajiona mjanja ushamjua muuaji, ukigeuza karatasi unaona sie. Mimi nimemkamata muuaji mara nne na mara nne nimemwachilia.

Sasa nimefika pale mambo yanakaribia kufunguka, natia kidole nigeuze, hakuna kitu. Kurasa za mwisho hazimo! Na hazikuliwa na mchwa, zimechanwa kwa mkono, kwenye uzi kumebaki vipande kama meno. Nikafanya upelelezi wangu. Nyumbani kuna mtuhumiwa mmoja tu wa miaka tisa. Nikamwita, nikamuuliza tiara yako iko wapi, akaangalia chini, akanipeleka nyuma ya nyumba akanionesha juu. Tiara imenasa kwenye nyaya za stima, mkia wake ni karatasi zimefungwa mafundo mafundo, rangi ya chai. Jina la muuaji linapepea pale juu mtaa wa Langoni mimi niko chini na miwani yangu. Herufi naziona, kusoma siwezi.

Cha pili ni maisha ya Bi Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Unguja, alieolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete. Alikiandika mwenyewe kwa Kijerumani, kikatoka 1886, mimi nimesoma cha Kiingereza, mtalii alikisahau kwenye boti yangu na sikumuona tena. Hiki mwezi mzima. Si kwamba kibaya, ila ni kama kutembezwa kwenye nyumba ya tajiri chumba baada ya chumba na mwenye nyumba haruki hata kabati. Kazaliwa Bet il Mtoni, jumba la babake, 1844, anasema mle ndani mlikua na watu kama elfu moja, uani wanatembea tausi, paa, mbuni, heroe, watoto wanakimbizana nao. Babake anapiga hatua kwenye roshani inayotazama bahari, kainamisha kichwa, anachechemea kidogo kwa sababu ya risasi iliyobaki pajani toka vitani. Hapo nilifunga kitabu nikakaa kidogo. Mfalme wa kuanzia Maskati mpaka huku kwetu, na mwanawe anachomkumbuka ni ule mguu.

Na kingine kilichonikaa: wakisoma walipewa mfupa wa bega la ngamia ulosafishwa ukawa mweupe, ndo ubao wao. Kusoma mabinti walifundishwa, kuandika hapana. Yeye akajifunza kwa siri, anaigiza herufi za Msahafu mpaka mkono ukakubali. Na huko kuandika ndiko kulikomponza manake 1859 Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Majid, nani anajua kuandika barua? Salme, miaka kumi na tano, akawa karani wa fitina.

Sasa swali langu. Mtu huyu anakumbuka kila kitu, nguo za Idi, nani alimpanda farasi gani, harufu ya chumba. Akifika kwa yule Mjerumani jirani yake, Heinrich, mambo yanaenda mbio kama mtu anaepita mbele ya nyumba anayodaiwa. Tulijuana, tukapendana, nikaondoka na meli ya kivita ya Waingereza, nikafika Aden, nikabatizwa, nikaolewa siku hiyohiyo, tukaenda Hamburg. Kwisha. Na pale Aden alikaa miezi na miezi kwa mume na mke Wahispania aliowajua toka Unguja, anangoja. Bwana Msa angesimama hapo akajaza kiko. Hebu nambieni anachotuficha nini huyu bibi, na je mtu akiandika maisha yake mwenyewe ana ruhusa ya kuchana kurasa?

Na tafadhali yeyote aliesoma Bwana Msa ASITAJE MUUAJI. Nataka kitabu, sitaki jina.

kijana_langoni

hahaha kaka hiyo tiara mi naiona kila siku nikienda kununua mahamri nilidhani ni ya watoto wa yule fundi cherehani, kumbe ni kesi ya mauaji inaning'inia 😂

fundi_nyaya

Ndugu nahodha nakuomba usije ukapanda nguzo wala kumtuma mtoto, wala kuirusha mawe, nimeshaona mtu kapigwa na stima kwa ajili ya embe. Wache upepo uishushe.

bi_msomaji_mld (Malindi)

Waaleikum salaam nahodha. Mimi mwalimu huku Malindi na kitabu cha Bi Salme nimekisoma mara tatu, kwa hivo nipe nafasi nikupe ushahidi kidogo kidogo uhukumu mwenyewe.

Alitoroka Agosti 1866. Na hakuchagua usiku ovyo, ulikua ni wakati wa siku ya mwaka, wanawake wote wa mji wako pwani usiku wanaenda kuoga bahari, mwanamke akionekana ufukoni saa hizo kajifunika nani atamuuliza unaenda wapi? Kwa Waingereza ile ni meli Highflyer, kwa kila mtu mwengine ni wanawake wanakoga mwaka. Mimi hapo nilipiga makofi peke yangu jikoni, hiyo akili hata Bwana Msa angemvulia kofia.

Haya, sasa hesabu. Ndoa ni tarehe 30 Mei 1867. Lakini mtoto wa kwanza, wa kiume, kazaliwa palepale Aden Desemba 1866. Agosti mpaka Desemba ni miezi mingapi? Alipopanda ile meli hakua peke yake, ndo maana hangeweza kungoja, angeonekana na nduguze na mambo yangekua mengine kabisa. Na yule mtoto wala hakufika Hamburg, alifariki njiani wakipita Ufaransa. Kwenye kitabu huyo mtoto hayupo. Hata herufi moja. Sisi tunajua kwa rekodi zilizobaki Aden za ubatizo na ndoa, si kwa mdomo wake.

Sasa unaniuliza ana ruhusa? Kaka yangu, muweke pale alipokua anaandika. Mume alikufa 1870 huko Hamburg, kagongwa na tramu, miaka mitatu tu ya ndoa, kamwachia watoto watatu wadogo kwenye nchi ya baridi ambayo lugha yake ndo kwanza anaibabaisha. Kitabu kinasomwa na wakwe, na majirani, na mabwana wakubwa anaowaomba wamsaidie apate urithi wake Unguja. Unataka aandike jamani mimi niliondoka mja mzito? Na wale watoto wakienda shule? Mimi ningechana kurasa nyingi zaidi, wallahi. Halafu mtoto aliekufa unamzika mara moja, mtu halazimiki kumzika tena kila anapokuja msomaji mpya.

Kitabu cha Bwana Msa kizima ninacho. Lakini ngoja kwanza, sijaamua kama wewe ni mtu wa kuazimwa kitabu, nyumba yako ina mtu wa miaka tisa.

nahodha_wa_kusi (Lamu)

Dah. Mwalimu umenimaliza. Ile Desemba sikuijua kabisa. Nimerudi kukisoma kile kipande cha Aden nikakiona kingine kabisa, maneno ni yaleyale lakini sasa nasikia mtoto analia chumba cha pili.

Huyu wa miaka tisa tumemhukumu, kazi yake mwezi mzima ni kumwaga maji ya boti.

mkulima_wa_ganda

Nyote mnamlilia bibi. Mimi nimekisoma nikakitupa chini ya kitanda wiki nzima nikaja kukimalizia kwa hasira. Mnazungumza kurasa alizochana, mimi nawaonesha ambazo hakuchana. Ana sura nzima ya utumwa, anasema watu wa Ulaya wasifananishe utumwa wa kwao na wa Marekani, ati wa kwao mtumwa hali yake ni nzuri na ukimwachia huru ghafla ataharibika. Aliandika hivo kwa jina lake, bila aibu! Kwenye ile nyumba ya watu elfu alotutembeza nahodha, wengi wao ni nani? Anayebeba maji ya hamamu ni nani, anayelisha hao mbuni ni nani, majina yao mnayajua?

Mimi mtu wa huku nyuma ya Malindi. Mji huu ulivofufuliwa miaka ya 1860 wakati wa huyo Majid ndugu yake, yalifunguliwa mashamba ya mtama na ufuta, na mtama ule haukulimwa na tausi. Wazee wetu wanahadithia Fuladoyo, watoro walikokimbilia wakajenga kijiji chao bara. Kukimbia kwa Salme kuna kitabu na meli ya kivita, kukimbia kwa hao hakuna hata mfupa wa ngamia ulioandikwa. Kwa hivo mimi swali la nahodha nalijibu hivi: kuficha tumbo lake ni haki yake, tumbo ni lake. Lakini upelelezi usiishie chumbani kwake.

bi_msomaji_mld (Malindi)

Hapo kaka wa Ganda sina la kukupinga na ile sura mimi pia huisoma mbio. Ila utaona kitu kimoja, mamake mwenyewe alikua suria, Jilfidan, mtoto wa Circassia, huko milima ya Kaukasi, alieibwa vitani akauzwa mdogo sana. Salme anahadithia hilo vizuri mno, anahadithia uchungu wa mamake, halafu kurasa kadhaa mbele anautetea mlango uleule mamake alioingilia. Mimi hicho ndo kitendawili changu, sio yule Mjerumani.

mkulima_wa_ganda

Bas umesema mwenyewe.

mzee_wa_mkunguni

Wanangu salaam. Nimesomewa mazungumzo yenu na mjukuu wangu hapa Mkunguni chini ya mti na mimi ndie nasema yeye anaandika, kwa hivo makosa ya herufi ni yake.

Huyo Sayyid Said hapa kwetu hakuja kuchechemea tu kwenye roshani. Baada ya vita vya Shela watu wa Lamu waliogopa Mazrui wa Mombasa na watu wa Pate, wakamwita yeye, na ngome hii ninayoitazama saa hizi ilimalizwa kwa nguvu zake. Mombasa akaichukua 1837. Lakini Siyu, kule kisiwa cha Pate, ilimshinda, mkuu wao Bwana Mataka aliyarudisha majeshi yake, na amiri wake Hamad akauawa kule. Kwa hivo kila mmoja na baba yake. Salme anae wake, watu wa Siyu wanae wao, na ni mtu huyohuyo mmoja.

Ila nilitaka kusema la Wajerumani, kwa sababu naona mnamaliza hadithi pale Hamburg, na mwisho wake hasa upo huku. Mwaka 1885 manowari za Kijerumani zilikuja mbele ya Unguja kumtisha Barghash, ambae sasa ndie Sultani, wakamchukua Bi Salme ndani ya meli mojawapo. Yeye anadhani anaenda kudai urithi na kumuona ndugu yake, wenyewe wanamtumia kama fimbo, ndugu yako huyu ni raia wetu, tutazame utamfanya nini. Barghash akakataa hata kumtia machoni. Na alikua na haki ya kukasirika, na yeye bibi alikua na haki ya kulia. Barua zake alimwandikia nani akiwa na miaka kumi na tano? Huyo huyo Barghash.

Mwaka uleule, 1885, Wajerumani wakamtia Sultani wa Witu chini ya himaya yao, hapa jirani tu, mabasi ya Malindi yanapita pale kila siku. Na 1888, mwaka ambao bibi alirudi Unguja mara ya pili akarudi mikono mitupu, Wajerumani wakafungua posta yao hapa Lamu. Nyumba ipo hadi leo, watalii wanapigwa picha mlangoni. Wakaifunga 1891, kwa sababu washauziana na Waingereza, Witu ikaenda kwa Mwingereza, mambo yakawa hayo. Kwa hivo nahodha ukitaka kujua nani aliyatumia maisha ya yule bibi, tembea Usita wa Mui mpaka kwenye ile posta usimame uitazame. Walipomaliza haja zao hawakumpa hata nauli ya heshima.

Mjukuu anasema nimesema mengi. Bwana Msa namjua, tukisomeana barazani. Muuaji ni

mzee_wa_mkunguni

Samahani huyu ni mjukuu, nimemnyang'anya simu. Alikua anataja.

nahodha_wa_kusi (Lamu)

😂😂 Mjukuu Mungu akujaalie. Mzee shkamoo, na nitapita pale kesho asubuhi kabla ya boti, lakini nitakuja nimeziba masikio.

Hiyo ya kutumiwa kama fimbo sikuiona kwenye kitabu, manake kama sikosei kile cha kwanza anamalizia na safari hiyo ya 1885 na anaihadithia kama furaha, watu wa mji wanamlaki, wanamwita Bibi, yeye anatoa machozi.

bi_msomaji_mld (Malindi)

Ndio anamalizia hapo. Lakini baadae aliandika barua nyingine ndefu kuhusu maisha ya Ujerumani, zikaja kuchapishwa muda mrefu baada ya kufa kwake, alifariki 1924 huko Jena. Zile barua ni mtu mwengine, baridi, upweke, pesa zinaisha, anahama mji huu anaingia huu. Kile cha 1886 kavaa nguo za kutokea nje, kwenye barua yuko na kanga.

Kuhusu riwaya, mimi nampenda Bwana Msa lakini nina lawama. Kile kiko, na Najum rafiki wa kuulizauliza ili mjanja ajibu, wasomi wanasema ni Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa vitabu vya Kiingereza, kavishwa kanzu na kusema kweli kuna ukweli. Ila mwandishi mwenyewe, mtu wa Makunduchi, kabla ya uandishi wa magazeti alifanya kazi ya ukaguzi wa afya miaka mingi, na mimi nikisoma naona ile jicho ni ya mkaguzi anaeingia nyumba za watu kutazama visima na vyoo. Anajua nani anaishi na nani na mlango wa nyuma unatokea wapi. Hiyo hakuiazima London. Si bure kilishinda mashindano ya uandishi ya 1957/58 kabla hakijachapwa. Ukimaliza tafuta Kisima cha Giningi, 1968, mimi nakiona bora zaidi.

kijana_langoni

na mimi nisiekua msomaji sana mnipe kimoja basi ambacho si kizito, ila kisiwe cha mfalme

mkulima_wa_ganda

Soma Kasri ya Mwinyi Fuad cha Shafi Adam Shafi. Hicho jumba la mwinyi unalitazama toka jikoni na shambani kwa wale wanaofanya kazi. Nadhani mwalimu atanikubalia.

bi_msomaji_mld (Malindi)

Nimekubali. Na nahodha akitaka maisha ya mkubwa mwengine yalosemwa kwa Kiswahili chenyewe, kuna ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyaandika mwenyewe na Mjerumani Brode akayachapisha. Huyo hafichi kitu, mpaka unatamani angeficha.

Haya nahodha, nimeamua. Kitabu nimekifunga kwenye nailoni mbili kwa sababu ya maji ya boti, nimempa utingo wa basi la asubuhi, namjua nimemfundisha darasa la sita. Litapita Garsen, Witu, Hindi, mchana liko Mokowe. Kinataka kurudi na kurasa zote, nimezihesabu.

fundi_nyaya

Halafu tiara imeanguka jana usiku na ile mvua. Nimeiokota, karatasi tatu bado zinasomeka, nyingine zimekua uji. Nizilete?

nahodha_wa_kusi (Lamu)

USIZISOME. Ziweke dukani zimefunikwa na kitu kizito.

fundi_nyaya

Nishasoma kaka. Pole. Nimeshangaa sana.

nahodha_wa_kusi (Lamu)

Ndugu zangu nimekipokea. Utingo kanikabidhi pale Mokowe gatini kama mtu anaekabidhi maiti, kaniambia mwalimu kasema nisaini, nikasaini kwenye pakiti ya sigara. Kumbe nilikua nimebakisha kurasa chache tu, mtoto kachukua kiasi cha mkia. Naandika haya nikiwa nimekaa nyuma kwenye injini, nimefika pazuri, boti imejaa tangu zamani, kuna mama na kuku wake na mabwana wawili wa ofisini wanapiga kelele nahodha twende maji yanapwa, nimewaambia ngojeni kidogo, kuna mtu anakamatwa hapa.